Kurasa za Kiingereza na Kigujarati: gazeti hili la Mombasa lilikuwa la nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tulipokuwa tukihamisha vyombo vya marehemu babu kule Makadara, tulikuta kurasa nne za gazeti kuukuu zimetandikwa chini ya kasha. Baadhi ya safu ni za Kiingereza, nyingine ni maandishi ya Kihindi. Juu pamesomeka "Kenya Daily Mail" na "Mombasa", lakini pembe yenye tarehe imeliwa na mchwa. Babu alikuwa karani wa forodha na Kihindi hakukijua. Gazeti hili lilikuwa la nani? Kwa nini lugha mbili, na Kiswahili kisiwemo? Na ilikuwaje Mombasa ikakosa gazeti lake la kila siku?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mungu amrehemu babu.

Ulichokiokota ni gazeti la Pandya. Najua jina hilo kwako ni la hospitali ya Kizingo, na hujakosea, kwani hospitali hiyo ilijengwa kwa ukumbusho wa mtu huyohuyo. Jagannath Bhavanishanker Pandya alizaliwa Gujarat mwaka 1891, akafika Mombasa angali kijana mwanzoni mwa karne iliyopita, akawa mfanyabiashara, kisha akaingia siasa. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la koloni na mmoja wa viongozi wakuu wa vyama vya wafanyabiashara Wahindi wa Afrika Mashariki. Kenya Daily Mail alilianzisha katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, hapa hapa Mombasa. Alifariki mwaka 1942, na gazeti likaendelea kuchapishwa baada yake. Inanisikitisha kwamba mji mzima unamjua Pandya wa vitanda na madaktari, lakini Pandya wa tahariri hatajwi hata na watu wa magazeti wenyewe.

Maandishi hayo si ya Kihindi, ni ya Kigujarati. Yatazame vizuri: herufi za Kihindi huning'inia chini ya mstari unaopita juu ya neno zima, lakini za Kigujarati hazina mstari huo, kila moja imesimama peke yake. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu inakuonyesha gazeti liliandikiwa nani. Kigujarati ndiyo lugha iliyoandikwa madukani, kwenye daftari za hesabu na kwenye barua za kwenda Bombay. Mabohora walikiandika, Maismailia na Maithnaasheri walikiandika hata wale waliozungumza Kikachi nyumbani, na Mabaniani vilevile. Watu hawa hawakuswali pamoja wala hawakuoana, ila gazeti moja la Kigujarati liliweza kuwafikia wote.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana Pandya hakuanzia jangwani. Magazeti ya biashara ya Kenya yalizaliwa Mombasa. Mwaka 1899 lilikuwepo hapa gazeti la wiki lililoitwa The East Africa and Uganda Mail. Mwaka 1902 Alibhai Mulla Jeevanjee, Mbohora kutoka Karachi aliyekuwa mkandarasi wa reli, alianzisha African Standard na kumwajiri Mwingereza, W. H. Tiller, kuwa mhariri. Lile gazeti kubwa la Nairobi unaloliona leo kwa wauza magazeti, The Standard, ndilo hilo. Jeevanjee aliliuza mwaka 1905 kwa Wazungu wawili, Anderson na Mayer, likageuzwa jina kuwa East African Standard, na mwaka 1910 likahamishiwa Nairobi. Sababu ya kuhama ilikuwa wazi: ofisi za serikali zilikuwa zimeshapanda reli kwenda bara, na walowezi walikuwa huko. Gazeti hufuata waliko wasomaji wake na watoa matangazo wake.

Lililobaki Mombasa likawa Mombasa Times, gazeti la Kiingereza ambalo lilikuwa chini ya kampuni hiyohiyo ya Standard. Huko ndiko Edward Rodwell alikokuwa mhariri, na huko ndiko safu yake ya Coast Causerie ilikoanzia kabla ya kuendelea miaka mingi kwenye Standard. Kwa hivyo Pandya alipoingia, mji ulikuwa na gazeti tayari, ila lilikuwa gazeti lililoutazama mji kutoka kwenye baraza la klabu. Mhindi mwenye duka alikuwamo kama mnunuzi wa matangazo, sauti yake haikuwamo.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako la lugha mbili. Watu wengi wakiona gazeti la namna hii hudhani kwamba upande mmoja ni tafsiri ya upande wa pili, jambo ambalo ni nadra sana kulikuta. Kurasa za Kiingereza na za Kigujarati zilikuwa na wasomaji tofauti. Ukumbuke hali ilivyokuwa. Julai 1923 serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa ule Waraka wa Devonshire, uliosema kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulia mahali popote yatakapogongana na ya wahamiaji. Maneno mazuri kwenye karatasi. Lakini hapohapo Nyanda za Juu zikabaki za Wazungu, na Wahindi wakanyimwa orodha moja ya wapiga kura pamoja na Wazungu, jambo walilokuwa wakilipigania kwa miaka. Mzozo huo haukwisha siku ile, ulijaza magazeti kwa miaka mingi mbele. Mwenye gazeti Mhindi alikuwa na mambo mawili ya kufanya kila toleo: amjibu gavana na Mombasa Times kwa lugha wanayoisoma, na azungumze na watu wake kuhusu mgogoro huo kwa lugha wanayoielewa. Kiingereza kilitoka nje ya mlango kwenda kwa wakubwa, na Kigujarati kilibaki ukumbini.

Pandya hakuwa peke yake kwa hilo. Unguja, Samachar lilikuwa likitoka kwa Kigujarati na Kiingereza tangu mwanzo wa karne. Al-Falaq, gazeti la Chama cha Waarabu lililoanza 1929, lilitoka kwa Kiarabu na Kiingereza. Nairobi, G. L. Vidyarthi alianzisha Colonial Times mwaka 1933 kwa Kiingereza na Kigujarati, na kwa ukali wake aliwahi kufungwa kwa kosa la uchochezi. Ukanda huu wote ulikuwa na desturi hiyo: lugha ya mamlaka kwa upande mmoja, lugha ya jumuiya kwa upande mwingine. Ninavyoona mimi, mwanahistoria anayesoma nusu ya Kiingereza peke yake, kama wanavyofanya wengi kwa sababu ndiyo wanayoiweza, amesoma barua iliyopelekwa serikalini na kudhani amesikia mazungumzo ya nyumbani.

Naomba uuchukue ukurasa mmoja uuelekeze kwenye mwanga kwa pembe, utaona wino umezama kidogo kwenye karatasi. Hiyo ni alama ya herufi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi. Mpangaji herufi alisimama mbele ya sanduku lenye vijumba vingi, akachomoa herufi moja moja na kuzipanga kwenye kishikio cha chuma, zikiwa zimegeuka kama zinavyoonekana kwenye kioo. Kwa Kiingereza vijumba hivyo si vingi sana. Kigujarati ni kazi nyingine kabisa: kila konsonanti ina alama za vokali zinazokaa juu, chini, kushoto au kulia kwake, na konsonanti mbili zikikutana mara nyingi huungana na kuwa umbo jipya, na kila umbo lazima liwe na risasi yake. Kwa hiyo matbaa ya lugha mbili ilihitaji masanduku ya aina mbili na mafundi wa aina mbili, kisha vyote vikutane kwenye fremu moja kabla ya kwenda mtamboni. Ufundi wa chapa ya Kigujarati chimbuko lake ni Bombay, ambako Bombay Samachar lilianza mwaka 1822 na bado latoka hadi leo. Ukiona kwenye kurasa zako herufi ya Kigujarati imechapika kwa wino hafifu au imelala upande, hiyo ni risasi iliyochakaa kwa kutumika sana, na kupata nyingine kulikuwa kungoja meli.

Kuhusu tarehe iliyoliwa na mchwa, usikate tamaa. Magazeti ya Kigujarati yana kawaida ya kuandika tarehe mbili, ya Kizungu na ya kalenda ya Kihindu iitwayo Vikram Samvat. Pengine mchwa alikula moja akaacha ya pili. Mwaka wa Samvat kwa hesabu ya Kigujarati huanza siku inayofuata Diwali, na uko mbele ya mwaka wetu kwa 57 kutoka Diwali hadi mwisho wa Desemba, na kwa 56 kutoka Januari hadi Diwali inayofuata. Yaani ukisoma 1992, hilo ni toleo la mwishoni mwa 1935 au la 1936. Tarakimu zitakuwa za Kigujarati, ila ni kumi tu, utazijua kwa jioni moja.

Samvat ikikosekana, nenda kwenye matangazo ya meli. Hapo mimi huanza kabla ya kusoma habari yoyote. Meli za kampuni ya British India zilizokuwa zikipita Bombay, Mombasa na bandari za kusini zilikuwa na majina yanayojulikana na miaka inayojulikana. Ukiona Kampala, basi ukurasa ni wa baada ya vita, kwa kuwa meli hiyo ilianza kazi 1947. Karanja zilikuwa mbili: ya kwanza ya mwaka 1931, ikazamishwa vitani kaskazini mwa Afrika mwaka 1942, na ya pili ikaja 1948. Ukiona Karanja pamoja na Kenya bila Kampala, umo katika miaka ya 1930 au mwanzoni mwa vita. Halafu tazama chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwenye herufi ndogo. Sheria ilimtaka mchapishaji aweke jina lake na mahali alipochapia, na hapo wakati mwingine mna habari kuliko tahariri nzima. Na jina la gazeti lisikufunge. "Daily" lililoandikwa juu ni jina tu. Ukipata kurasa mbili zenye tarehe na namba za matoleo, hesabu siku zilizo kati yake ndipo utajua zama hizo lilikuwa likitoka kila baada ya siku ngapi.

Babu alilipata wapi? Wewe mwenyewe umeshajibu uliposema alikuwa karani wa forodha. Gati za maji marefu za Kilindini zilikuwa zimekamilika mwaka 1926, na tangu hapo bandari ndiyo iliyoamua mji unakula nini. Karani anayejua Kiingereza alikuwa na kila sababu ya kusoma gazeti linalotaja meli, mizigo na bei, na wenye mizigo aliokuwa akikaa nao dirishani siku nzima wengi walikuwa wasomaji wa ule upande mwingine.

Sasa Kiswahili. Swali hili lina uchungu ndani yake na nitalijibu bila kuzunguka. Kiswahili hakikukosekana kwa sababu hakikuwa na wasomaji. Mji huu umekuwa ukisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya mtambo wowote wa kuchapa kuteremshwa bandarini. Kilikosekana kwa sababu gazeti la kila siku haliishi kwa bei ya nakala, huishi kwa matangazo, na wenye matangazo, yaani kampuni za meli, benki, wauza magari na wenye maduka makubwa, hawakumhesabu msomaji Mswahili kuwa mteja. Walimwona hamali, dereva, karani, mpishi. Alinunua sukari kwa ratili, na sukari haikuhitaji tangazo.

Lakini Waswahili hawakukaa kimya. Wakati gazeti la Pandya lingali changa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa mji huu, aliamua kuwafikia watu kwa chapa badala ya kuwangoja msikitini peke yake. Alianza na Sahifa yapata mwaka 1930, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, gazeti la wiki kwa Kiswahili na Kiarabu. Hilo nalo ni gazeti la lugha mbili la Mombasa, na ukiliweka mbele ya Kenya Daily Mail utaona mpango uleule kwa nia nyingine. Kiarabu kilimuunganisha na ulimwengu wa Kiislamu, hasa Cairo, ambako alikuwa akifuatilia maandishi ya wanamageuzi wa jarida la Al-Manar. Kiswahili kilikuwa cha kuwakemea na kuwahimiza watu wake: wasomeshe watoto, wawaelimishe wasichana, waache ubadhirifu wa sherehe, wafanye kazi na biashara wasije wakabaki watazamaji katika mji wao. Hakumbembeleza mtu. Gazeti halikuishi muda mrefu, na yeye mwenyewe baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya hadi kufariki kwake mwaka 1947. Makala zake nyingi zilikusanywa kitabuni, Uwongozi, kilichotoka 1944, na bado zinasomwa. Na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kutoa Sauti ya Haki mjini humu miaka ya 1970, safari hii kwa Kiswahili.

Mimi nimeyasoma maandishi ya Al-Islah kwa miaka mingi na kila mara yananishika palepale: alijua kwamba hana matangazo ya meli, hana benki nyuma yake, na akachapisha. Ningependa kila mwanafunzi wa uandishi wa habari hapa Pwani alijue gazeti hilo kabla hajafundishwa jina la gazeti la London.

Baada ya hapo, gazeti kubwa la Kiswahili lilitoka Nairobi, si kwetu. Kampuni ya Standard ilianzisha Baraza mwaka 1939, la wiki, na mhariri wake aliyejulikana zaidi, Francis Khamisi, baadaye akawa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Vidyarthi naye alichapisha Habari za Dunia kwa Kiswahili. Kwa hiyo Januari 1947, makuli wa Mombasa na wafanyakazi wengine wapatao elfu kadhaa walipogoma na mji ukasimama, kisa chao kiliandikwa kwa Kiingereza na Mombasa Times karibu na mlango wao, na kwa Kiswahili na magazeti yaliyochapwa maili mia tatu kutoka bandarini. Hebu fikiri maana yake kwa mtu aliyetaka kusoma habari za mgomo wake mwenyewe siku hiyohiyo.

Kuhusu kwa nini leo hatuna gazeti letu la kila siku, sababu si moja. Mwaka 1959 Aga Khan alinunua gazeti la Kiswahili la Taifa, na mwaka 1960 Daily Nation likaanza, na Taifa likawa Taifa Leo. Nairobi sasa ilikuwa na kampuni mbili kubwa zenye mitambo ya kisasa, na nakala zao zilisafiri usiku hadi huku. Mwaka huohuo wa 1960 sheria ya vitabu na magazeti ikamtaka mwenye gazeti aweke dhamana ya shilingi 10,000, fedha nyingi sana wakati huo kwa mwenye matbaa ndogo. Mwaka 2002 dhamana ikapandishwa hadi shilingi milioni moja. Mombasa Times halikuimaliza miaka ya 1960. Wasomaji wa Kigujarati nao wakapungua: sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 ziliwafanya maelfu ya Wahindi wasio raia waondoke nchini, wengi kwenda Uingereza, na watoto wa waliobaki walisoma shule za Kiingereza. Jamaa anayesikia Kigujarati lakini hawezi kukisoma hanunui gazeti la Kigujarati. Kwa upande wa Kiswahili, redio ilitutangulia. Wazee wa rika la babu yako watakwambia juu ya Sauti ya Mvita, iliyowasomea habari na kuwapigia taarabu bila kumdai mtu senti ya nakala.

Nikitakiwa kuchagua sababu nzito kuliko zote, nachagua matangazo. Bandari ipo Mombasa, lakini ofisi zinazoamua fedha za matangazo ziende wapi zipo Nairobi, kama zilivyokuwa tangu Standard lilipopanda treni mwaka 1910. Sioni kizuizi cha lugha wala cha wasomaji.

Sasa hizo kurasa zenyewe. Tafadhali usizipeleke kuwekewa plastiki ya moto, na usizizibe kwa gundi ya utepe, kwani gundi hugeuka kahawia na kuchukua wino pamoja nayo. Karatasi ya gazeti ina asidi, na unyevu wa huku hauisaidii. Zipangusie vumbi kwa brashi laini, zilaze bapa bila kukunja kati ya karatasi nyeupe safi, kisha ndani ya boksi pana mbali na ukuta wa nje. Kabla ya yote zipige picha pande zote mbili, karibu sana, pamoja na maandishi madogo ya chini. Kwa upande wa Kigujarati tafuta mzee wa jamatini au hekaluni anayekisoma. Wapo bado mjini, na wengi watafurahi kuulizwa. Matoleo mengine ya kulinganisha ukayatafute Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa au Maktaba ya McMillan, ambayo ina mkusanyo mkubwa wa magazeti ya zamani. Wakiulizia kuhusu zawadi, wape nakala za picha kwanza. Kurasa halisi mwaweza kuamua kama familia mkishajua ni za mwaka gani.

Na ukishaisoma ile Samvat, niandikie.